Nyumba ya Matofali ya Zamani Masisi na Walikale: Kagua Ardhi Kabla ya Kukagua Ukuta

Kwenye vilima vya Masisi, na katika senta na misheni za Walikale, bado zimesimama nyumba za matofali ya kuchoma zilizojengwa wakati wa Wabelgiji. Nyingine zina paa na watu ndani. Nyingine zimebaki kuta nne, bomba la moshi na miti iliyoota sebuleni. Mara kwa mara moja huletwa sokoni, na bei yake huonekana ndogo ukilinganisha na nyumba ya ukubwa huohuo mjini Goma. Mnunuzi huenda kutazama, hugonga ukuta kwa ngumi, huona tofali gumu na dirisha pana, akaanza kuhesabu mifuko ya sima.

Hesabu hiyo imeanzia mwisho. Ukuta uliopasuka una fundi wake. Haki ya ardhi iliyopasuka, katika sehemu hizi mbili za Kivu ya Kaskazini, mara nyingi haina. Makala haya yanafuata mpangilio ambao mnunuzi mwangalifu angeufuata: kwanza historia ya nyumba, kisha karatasi, kisha watu, na mwisho matofali.

Nyumba hizi zilitoka wapi

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Comité National du Kivu, CNKi, ikaipa mamlaka ya kugawa maeneo makubwa ya ardhi kwa walowezi. Masisi, yenye baridi na udongo wenye rutuba, iliwavutia waliotaka kulima kahawa, chai, pareto na kwinini, na kufuga ng'ombe wa maziwa. Ili kupata wafanyakazi, utawala uliwaleta watu kutoka Rwanda kupitia mpango ulioitwa MIB, kati ya 1937 na 1955; wengi walipelekwa Gishari. Misheni nazo zilijenga: Bobandana karibu na Ziwa Kivu, na baadaye watawa Watrapisti wa Mokoto, waliofika mwaka 1954. Walikale, nchi ya misitu na joto, ilipata zaidi majengo ya misheni, ya utawala na ya kampuni za madini kama MGL, ambayo mwaka 1976 iliunganishwa na nyingine kuwa SOMINKI.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: nyumba hii ilijengwa na nani, kwa kazi gani? Jibu lake linakuonyesha mtego ulipo.

- Nyumba ya misheni au kanisa ni mali ya dayosisi, shirika la kitawa au jumuiya ya kanisa. Padri au mchungaji anayeishi humo hawezi kuiuza kwa sahihi yake peke yake.
- Nyumba ya serikali, hata kama mfanyakazi na watoto wake wameishi humo miaka 40, haiuziki na aliyemo.
- Nyumba ya kampuni iliyokufa huwa na msimamizi wa ufilisi au mrithi wa kisheria. Aliyekuwa mlinzi wa ghala si mrithi.
- Nyumba ya shamba la mlowezi ndiyo inayouzwa zaidi, na ndiyo yenye mnyororo mrefu kuliko zote wa wamiliki.

Ufuatilie mnyororo huo kiungo kwa kiungo. Baada ya uhuru wa 1960 walowezi wengi waliondoka. Sheria ya Bakajika ya 7 Juni 1966 ilirudisha kwa serikali haki zote za ardhi zilizotolewa kabla ya uhuru. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza hatua za zairianisasyo, na mashamba ya wageni yakakabidhiwa raia walioitwa akwereri. Miaka michache baadaye baadhi yakarudishwa kwa wenyewe wa zamani. Ikaja vita ya Masisi na Walikale, iliyoanzia sokoni Ntoto mwezi Machi 1993, kisha vita za 1996 na 1998, na nyingine hadi leo. Katika kila kipindi kuna waliokimbia, walioingia, walionunua kwa haraka na waliorudi wakakuta mgeni. Mtu akikuambia "hii ni ya baba yangu", muulize baba aliipata kwa nani, mwaka gani, na karatasi iko wapi. Kiungo kimoja kikikosekana, bei yote iko hatarini.

Unachonunua hasa ni nini

Sheria ya msingi ni ile namba 73-021 ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kabla ya kusaini, mwanasheria akuthibitishie kama kuna kifungu kilichobadilishwa tangu hapo. Kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya serikali peke yake, haiuzwi wala haipotei kwa kupita kwa muda. Unachoweza kumiliki ni jengo pamoja na haki ya kutumia ardhi iliyo chini yake, inayoitwa konsesyo.

Konsesyo ni za aina mbili. Ya kudumu, *concession perpétuelle*, ni ya raia wa Kongo tu, tena mtu binafsi. Ya kawaida, *concession ordinaire*, ni ya muda, mara nyingi hadi miaka 25 inayoweza kurudiwa, na ndiyo ya kampuni, mashirika na wageni. Hapa ndugu zetu walio Ulaya na Amerika wawe macho: Katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Aliyechukua paspoti ya Ubelgiji au Kanada asijiandikishe kana kwamba hakuna kilichobadilika, kwa sababu siku ya ugomvi mpinzani ataanzia hapo. Aulize mapema konsesyo ya kawaida, na kama anamtuma ndugu kununua, barua ya uwakilishi ihalalishwe ubalozini na itaje parseli yenyewe, si "nyumba huko Masisi".

Karatasi moja tu ndiyo inayothibitisha konsesyo mbele ya sheria: *certificat d'enregistrement*, inayotolewa na konsevateri wa hati za mali zisizohamishika. Kifungu cha 219 kiko wazi juu ya hilo. Nyingine zote ni hatua za njiani au ushahidi wa kusaidia. Hata hivyo zikusanye zote:

- nakala ya sertifika, ukailinganishe na kitabu cha usajili katika ofisi inayoshika Masisi na Walikale, si kwa macho ya muuzaji;
- kandarasi ya konsesyo au ya kukodi iliyotangulia sertifika;
- mchoro wa parseli na ripoti ya upimaji na mawe ya mipaka, kutoka kadasta;
- ripoti ya uchunguzi uliofanywa kijijini kabla ya ardhi ya shamba kutolewa, unaodaiwa na sheria kuanzia kifungu cha 193;
- risiti za kodi ya ardhi na majengo;
- barua ya karani wa *tribunal de grande instance* inayoonyesha kama kuna kesi juu ya parseli.

Karatasi ya mwami, ya shefu wa grupma au ya kijiji ni jambo jingine. Masisi ina sheferi za Bahunde na Bashali na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ina sekta za Wanianga na Bakano. Kote huko watu wengi wanashikilia ardhi kwa desturi, na pengine wanalipa haki ya mwenye ardhi kwa mbuzi, pombe au sehemu ya mavuno. Sheria ya 1973, kifungu cha 389, iliahidi agizo la Rais la kupanga haki hizo, na miongo kadhaa ikapita bila agizo hilo kutoka. Matokeo yake karatasi ya desturi ina nguvu kijijini lakini ni dhaifu mahakamani, na sertifika isiyojulikana kijijini ina nguvu mahakamani lakini ni dhaifu shambani. Mnunuzi wa busara anatafuta zote mbili: usajili wa serikali, na ushahidi wa wenyeji kwamba wanamtambua muuzaji.

Muuzaji akiwa mrithi, nenda mbali zaidi. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wote wa marehemu katika daraja la kwanza la urithi, wasichana sawa na wavulana, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa na kutambuliwa. Mjane naye ana haki zake katika nyumba. Msimamizi wa urithi lazima awe amethibitishwa, na sahihi za warithi wote ziwepo, hata za dada walioolewa Bukavu au Kampala. Na kama muuzaji ana mke au mume, huyo naye asaini.

Waulize watu, si karatasi peke yake

Tembea mpaka wote wa parseli mchana, ukiwa na majirani, kapita wa kijiji na muuzaji mwenyewe. Waombe majirani waonyeshe mawe au miti ya mpaka kabla muuzaji hajasema neno. Uliza wazee nani alilala katika nyumba hii miaka ya 1980, nani baada ya 1993, nani baada ya 1996. Uliza wanawake wanaolima kando yake; wao ndio wanaojua nani amevuna wapi.

Kama kuna watu wanaishi ndani au wanalima kuizunguka, usikubali ahadi ya kwamba "tutawaondoa". Mashamba mengi ya Masisi yana familia za wafanyakazi zilizoishi hapo vizazi viwili au vitatu. Kuna pia waliokimbia vita wakapata kivuli chini ya paa lililobaki. Kununua nyumba pamoja na kazi ya kufukuza watu ni kununua uadui utakaolala mlangoni pako. Mapatano na watu hao yaandikwe na yatekelezwe kabla ya malipo, yakieleza watakwenda wapi, watavuna mazao gani kwanza na watapewa nini.

Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, tafuta kwa nini. Mtu aliyekimbia, aliye kambini au ng'ambo ya mpaka, anaweza kuuza kwa njaa au kwa hofu. Sheria ya mikataba ya Kongo, ambayo mizizi yake ni amri ya 30 Julai 1888, inadai ridhaa ya kweli. Mkataba uliotiwa sahihi kwa kutishwa unaweza kubatilishwa. Kanuni za Pinheiro za mwaka 2005, zinazofuatwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, nazo zinatambua haki ya mkimbizi kurudishiwa nyumba yake. Ukinunua kwa aliyekimbia, zungumza naye ana kwa ana mahali alipo salama, mbele ya mashahidi wake, na kwa bei ambayo usingeona haya kuitaja mbele ya kijiji. Ukinunua kwa mtu mwingine nyumba ya aliyekimbia, hujanunua kitu.

Penye mgogoro, anzia kwenye upatanishi. UN-Habitat na mashirika ya kiraia ya Goma wamefanya kazi hiyo Masisi kwa miaka mingi, wakiwakalisha pamoja wenye mashamba, wakulima na viongozi wa desturi. Mapatano yao yaliyoandikwa hayachukui nafasi ya sertifika, lakini yanakupa kitu ambacho mahakama haiwezi kutoa: jirani asiyekuchukia.

Mihuri ya tawala mbili

Kivu ya Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu 6 Mei 2021. Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliteka Masisi-Centre na baadaye Goma. Machi 2025 liliingia Walikale-Centre kisha likaondoka. Maana yake kwa mnunuzi ni rahisi kueleza na ngumu kukwepa: hati inayotolewa na utawala ambao Kinshasa haiutambui inaweza kukataliwa kesho, na hati ya Kinshasa inaweza isikusaidie leo mahali ambapo ofisi yake haifanyi kazi.

Kanuni nne zinapunguza hatari. Usifanye uhamisho wa umiliki mahali ambapo kitabu cha usajili hakipo au hakiwezi kukaguliwa. Usikubali sertifika mpya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani bila maelezo ya kilichotokea kwa ile ya kwanza. Weka nakala zilizothibitishwa nje ya eneo la vita, kwa mwanasheria au ndugu. Na kama jambo linaweza kusubiri, lisubiri; nyumba iliyosimama tangu 1950 haitaanguka kwa sababu umengoja msimu mmoja zaidi.

Kilicho chini na kilicho kando

Konsesyo ya ardhi haikupi madini. Kwa Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, vilivyo chini ya ardhi ni vya serikali, na haki ya kuchimba ni hati tofauti. Rubaya, upande wa Masisi, inajulikana kwa koltani. Bisie, upande wa Walikale, kwa bati. Uliza kadasta ya madini, CAMI, kama parseli iko ndani ya kibali cha mtu, na tazama kwa macho yako kama wachimbaji wadogo wamekaribia. Shimo lililochimbwa chini ya kilima ni mwanzo wa ufa ukutani.

Walikale ina jambo lake jingine: sehemu za Mbuga ya Maiko na za Kahuzi-Biega, zote za mwaka 1970, ziko ndani ya eneo hilo; Kahuzi-Biega ilipanuliwa kuelekea misitu ya chini mwaka 1975. Nyumba ikiwa karibu na mipaka hiyo, pata neno la ICCN, taasisi ya hifadhi za taifa, kwa maandishi.

Na kama jengo ni la kihistoria kweli, kwa mfano kanisa, makao ya utawala au nyumba inayojulikana mkoa mzima, uliza ofisi ya utamaduni kama limewekwa chini ya ulinzi. Sheria ya 15 Machi 1971 juu ya mali za utamaduni inakataza kubomoa au kubadilisha kilichoorodheshwa bila ruhusa.

Kabla ya kuvuka kizingiti

Nyumba tupu katika nchi ya vita huwa kambi ya mtu. Kabla ya kuingia, uliza wenyeji ni kikosi gani kililala humo mara ya mwisho. Usifungue choo kilichofungwa, usichimbe kwenye kifusi, usisogeze sanduku wala chuma usichokijua, usichome majani ya uani. Ukiona kitu kinachofanana na bomu au guruneti, rudi kwa nyayo zako, weka alama mbali nacho, na upeleke habari kwa viongozi na kwa wataalamu wa kuondoa mabomu.

Tazama pia kama kwenye paa na dari kuna karatasi ngumu za kijivu zenye mawimbi au bapa, zinazoitwa eteniti. Za zamani zina asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu pole pole. Usizikate, usizipasue, usizisugue kwa brashi. Zikilazimika kutoka, ziloweshwe maji, ziondolewe zikiwa nzima, zifungwe na kufukiwa kina kirefu mbali na kisima.

Jinsi ya kuikagua

Nenda na fundi mwashi asiye na undugu na muuzaji, na uende siku ya mvua. Adui wa kwanza wa nyumba hizi ni maji, na siku ya jua anajificha.

*Mahali.* Miteremko ya Masisi huporomoka inapokatwa miti na kulowana. Mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, mwezi Mei 2023 yaliwaua mamia ya watu, nayo yalikuwa jirani. Tazama kilima kilicho nyuma ya nyumba: miti iliyoinama, nyufa kwenye udongo, chemchemi mpya. Mahali hapo pakiwa pabaya, usiendelee. Hakuna ukuta unaoshinda kilima.

*Paa.* Ingia ndani, zima taa, tazama matundu ya mwanga. Upande wa Sake na magharibi ya volkano, moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira huleta mvua yenye asidi inayokula mabati. Gusa pale yanapopishana na kwenye misumari, ndipo huoza kwanza. Walikale, chomeka kisu kwenye mbao za kenchi na kwenye fremu za milango. Kikizama bila nguvu, mchwa wamekutangulia.

*Msingi na unyevu.* Chora kwa chaki urefu ambao ukuta umelowa kutoka chini. Mara nyingi sababu ni udongo uliorundikana nje hadi kuzidi sakafu, au paa lisilo na mfereji. Hayo ni ya bei nafuu kuyatibu. Unyevu unaotoka katikati ya ukuta, mbali na paa na ardhi, ni habari nyingine.

*Tofali.* Gonga matofali mawili yaliyoanguka: yaliyoiva vizuri hulia kwa sauti kali, mabichi hutoa sauti ya kufifia. Loweka moja usiku kucha. Likimomonyoka, lile lililo ukutani litafanya hivyo pia likipoteza plasta yake.

*Udongo wa kuungia.* Kwangua kiungo kwa msumari. Weka kipande ndani ya maji: cha udongo mtupu huyeyuka, cha chokaa hubaki. Tone la siki juu ya chokaa hutoa povu. Matokeo haya ndiyo yatakayoamua utatengeneza kwa nini.

*Nyufa.* Ufa mwembamba kwenye plasta si neno. Ufa unaopita kwenye ngazi za matofali, mpana juu kuliko chini, au unaotoka pembe ya dirisha hadi paa, unasema ukuta umehama. Paka juu yake utepe mwembamba wa plasta, andika tarehe, urudi baada ya msimu wa mvua. Utepe ukikatika, nyumba bado inatembea.

*Tetemeko.* Hii ni nchi ya Bonde la Ufa. Tetemeko la 3 Februari 2008 karibu na Bukavu liliangusha nyumba pande zote za mpaka, na baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa 22 Mei 2021 Goma ilitikisika siku nyingi. Nyumba za walowezi zina mabomba marefu ya moshi na kuta za pembetatu chini ya paa: hizo ndizo sehemu zinazoanguka kwanza. Tundika timazi kwenye kila pembe. Ukuta ulioinama nje na usiofungwa na ukuta wa pembeni unahitaji mhandisi, si fundi peke yake.

Kuitengeneza bila kuiua

Kosa linaloharibu nyumba hizi kuliko vita ni plasta nene ya sima juu ya tofali laini lililojengwa kwa udongo au chokaa. Sima ni ngumu na inazuia pumzi ya ukuta. Maji yanayopanda kutoka chini hayapati pa kutokea, chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache uso wa tofali unabanduka pamoja na plasta yenyewe.

Tumia kitu laini kuliko tofali. Mchanganyiko wa kawaida ni kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa kwa maji na vitatu vya mchanga safi. Unga wa matofali yaliyopondwa ukiongezwa kidogo huisaidia kushika. Uhakikishe chokaa ni ya ujenzi: chokaa ya kilimo, ambayo ni jiwe lililosagwa tu, haitashika kamwe. Ikikosekana ya kutosha, mchanganyiko dhaifu wa sima 1, chokaa 2 na mchanga 9 ni bora kuliko sima tupu. Funika kazi kwa magunia yenye maji siku kadhaa, na usiipake mvua inapokaribia.

Matofali ya kubadilisha yatafutwe kwanza kwenye vibanda vilivyoanguka palepale. Yana kipimo na rangi ileile. Mapya yakihitajika, mpe mchomaji sampuli, na uulize kuni za tanuri zinatoka wapi, maana msitu unaokatwa juu ya nyumba yako ndio unaoshikilia kilima. Kwa mbao, libuyu na mvule hudumu kuliko mkaratusi mbichi. Popote mbao isiguse udongo.

Mpangilio wa kazi usigeuzwe:

1. Kulinda watu na kuzuia mvua: egemezo kwa kuta zilizoinama, turubai juu ya paa.
2. Kuondoa maji: kushusha udongo wa nje chini ya sakafu, mfereji kuzunguka nyumba, mteremko unaokwenda mbali na ukuta.
3. Kufunga jengo: mkanda wa zege na nondo au wa mbao nzito juu ya kuta zote, uliofungwa kwenye pembe, bomba la moshi lipunguzwe au lishikizwe.
4. Paa jipya, lenye ukingo unaotoka nje angalau nusu mita, na mfereji wa mvua unaopeleka maji kwenye pipa.
5. Kuta na viungo vyake.
6. Sakafu, milango, rangi na umeme wa jua, mwisho kabisa.

Wengi huanza na namba sita kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Kwenye bajeti, usihesabu bei ya mfuko wa sima ya Goma. Hesabu bei ya mfuko uliofika: barabara iliyokatika, lori lililokwama, vizuizi vya njiani na mlinzi wa vifaa usiku. Ongeza robo ya jumla kwa yatakayoonekana ukuta ukifunguliwa. Kazi kubwa, ya kubadilisha mfumo wa jengo, inahitaji ruhusa ya ujenzi; iombe kabla fundi hajafika.

Mkataba na fedha

Malipo yote yasitoke siku moja. Mkataba mzuri unagawa bei katika sehemu: kidogo baada ya ukaguzi wa kitabu cha usajili, sehemu kubwa mbele ya mthibitishaji wa sahihi, warithi wote wakiwepo, na salio sertifika mpya ikitoka kwa jina lako na ya zamani ikifutwa. Pitishia benki au huduma ya fedha inayotoa risiti. Pesa taslimu kwenye mfuko wa plastiki ni hatari barabarani na haina ushahidi mahakamani. Mkataba uandikwe Kifaransa, lakini usomwe kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani mbele ya wote, na ueleze kwamba ulisomwa hivyo. Utaje namba ya parseli, ukubwa, majirani wa pande nne, na anayebeba madeni ya kodi ya nyuma. Mpatanishi au komisyoneri alipwe mwishoni, si mwanzoni.

Kama shaka haijaisha

Kuna nyumba utakayoipenda na ambayo hupaswi kuinunua: mrithi mmoja hapatikani, kuna kesi inayoendelea, watu wamekaa ndani bila mapatano, kilima kinahama, au ofisi ya usajili imefungwa. Kwa nyumba ya namna hiyo iko njia ya kati inayotumika kidogo mno. Panga kwa miaka mitano au kumi, kwa mkataba ulioandikwa, ambapo kazi ya paa, mifereji na mkanda wa juu inakatwa kwenye kodi, na una haki ya kwanza ya kununua mwenye mali atakapoweka karatasi zake sawa. Mwenye nyumba anapata jengo lililookolewa na mvua. Wewe unapata muda wa kujua majirani, kilima na historia ya mahali. Ikifika siku ya kununua, utakuwa unajua unachonunua. Isipofika, utakuwa umepoteza kodi ya nyumba, si akiba ya maisha.